Mpiga Kinanda wa Kiseke

Nyumba ya Malezi,
Njombe.
11 Februari 2024

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni.

Naandika nimevaa soksi mbili na sweta la Sista Akelo juu ya sweta langu, kwa hiyo mkiona herufi zinatetemeka msidhani ni homa. Ni baridi ya huku. Ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi, na ng'ombe wanatoa moshi puani kama ile boila ya kiwandani kwa Baba. Ndiyo, nimepewa ng'ombe. Wanane. Mimi, mjukuu wa wafugaji wa Magu, niliyekulia Kiseke na kununua maziwa ya pakiti, sasa naamka saa kumi na moja kukamua. Juzi mmoja alinipiga teke, ndoo ikaruka, na manovisi wenzangu, wasichana tunaojiandaa kuwa masista, wakasema Msukuma amekataliwa na ng'ombe.

Simu zetu zimefungiwa kabatini kwa mlezi wetu, huyo Sista Akelo, mpaka mwaka wa unovisi uishe Desemba. Tunaandika barua Jumapili. Yeye ni mtu wa kwetu ziwani, kutoka Rorya. Tukipewa kabeji siku ya nne mfululizo ananiangalia kwa jicho la mtu anayewaza sato wa ziwani.

Baba, nimegundua jambo. Huku watu wanaimba polepole kuliko sisi, nikadhani ni uvivu. Sivyo. Milima inarudisha sauti. Ukiimba haraka, neno la kwanza linarudi na kugongana na la pili. Kule kwetu ziwa linachukua sauti na kwenda nayo, haliirudishi, ndiyo maana tunaimba kama watu wanaoita mtu ng'ambo.

Kuna kinanda kikuukuu kanisani. Ninakipiga kila asubuhi.

Sasa nami nauliza. Nani anapiga kinanda cha kwaya yetu? Nilipoondoka, Baba, niliona ulivyokifunika kwa kitenge cha Mama, taratibu, kama mtoto aliyelala. Tafadhali kipate mtu. Sitaki kwaya inyamaze kwa sababu yangu.

Mtoto wenu,
Odeta

* * *

Kiseke, Mwanza.
3 Machi 2024

Kwako mwanangu Odeta,

Marahaba. Barua imefika Ijumaa, nikamsomea mama yako mara mbili. Pale pa teke la ng'ombe ameniomba nirudie mara ya tatu.

Sisi ni wazima. Mama yako anaendelea na meza yake ya samaki Mkuyuni. Mimi bado niko na boila yangu kwenye kiwanda cha mafuta Nyakato, ila nimepata msiba mdogo. Unakumbuka miaka yote ilikuwa inalia noti ya so, so safi kabisa, na mimi nilikuwa naanzia hapo kupata sauti ya wimbo wowote? Fundi amekuja akabadilisha valvu. Sasa inalia katikati ya so na la. Si so, si la. Nashinda na kitu hicho masikioni kwa saa nane kila siku, nikitoka nahisi kama nimekula chakula kilicholala. Nimemwambia msimamizi, naye akaniuliza, "Mzee Masalu, mafuta yanatoka au hayatoki?" Yanatoka. Basi nikarudi kazini.

Kuhusu kinanda, ondoa wasiwasi. Tumempata mtu. Anaitwa Luhende, mwalimu wa shule ya msingi, amehamia kutoka Maswa, mtu mzima mwenye familia yake. Anapiga vizuri sana. Ana mkono wa kushoto mzito na hana haraka. Wanakwaya wamempenda. Jumapili iliyopita aliingia kwenye "Mtakatifu" yetu ile ya mdundo wa bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, kana kwamba amezaliwa nayo.

Kwa hiyo kaa huko kwa amani. Kama utabaki, ubaki kwa sababu unataka. Kama utarudi, usirudi kwa ajili ya kinanda. Hilo ndilo nilitaka kukuambia.

Vaa soksi tatu.

Baba yako,
Yakobo Masalu

* * *

Njombe.
Jumapili ya Matawi, 24 Machi 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo.

Nimefurahi sana kusikia habari za Mwalimu Luhende. Nimefurahi mpaka nikaenda kukamua nikasahau ndoo.

Nataka nikuambie ukweli, maana wewe ndiye uliyenifundisha kwamba sauti ikidanganya kila mtu anasikia. Nilifurahi, halafu nikakasirika kidogo, halafu nikaona aibu kwa kukasirika. Nilikaa kwenye kile kiti miaka tisa. Nilidhani kingepoa kwanza kabla mtu mwingine hajakikalia. Lakini ni mimi niliyeomba apatikane mtu, na amepatikana, basi asante.

Naomba umuulize mambo machache. Anajua kwamba kitufe cha fa cha katikati kinakwama ukikibonyeza kwa hasira? Anajua kwamba wewe ukiinua nyusi maana yake si kuongeza sauti, ni kwamba Shimba wa ngoma amekimbiza mdundo? Na ule wimbo wako wa Watakatifu Wote, anaingia kabla ya besi au anawasubiri?

Mwambie aniandikie. Nitamjibu kwa furaha.

Pasaka njema.

Odeta

* * *

Sokoni Mkuyuni.
10 Aprili 2024

Odeta mwanangu,

Hii barua baba yako haijui. Naandikia mezani kwangu, ukinusa samaki usishangae.

Barua yako alinisomea. Mahali fulani akaruka. Nikamwona macho yanakwenda chini na mdomo umesimama. Alipolala mchana nikaichukua nikasoma mwenyewe. Sasa nikuulize: Luhende ni nani?

Hakuna Luhende. Hakuna mwalimu kutoka Maswa. Kinanda kipo palepale sebuleni chini ya kitenge. Mtu wa parokiani alikuja akaomba akijaribu, baba yako akasema ni kibovu. Pasaka tumeimba na ngoma za Shimba peke yake. Watu walicheza sana, lakini baba yako alirudi nyumbani akakaa hajavua viatu.

Sijamuuliza. Najua kwa nini amedanganya. Anaogopa utarudi kwa kumhurumia.

Sasa sikiliza shida yangu. Mwaka tisini na nne nilijiunga na kwaya yake, kabla hajanioa. Mazoezi ya tatu akasimamisha watu arobaini, akasema, "Paskazia, wewe uwe unaimba moyoni." Watu wakacheka. Jioni akanisindikiza mpaka kwetu kuomba radhi, na ndivyo tulivyoanza. Nimeimba moyoni miaka thelathini. Nimechoka kuimba moyoni.

Nataka unifundishe kinanda. Sauti yangu ni mbaya, nakubali, lakini kinanda kina sauti yake chenyewe. Vidole vyangu ni vinene na vimezoea kisu cha samaki. Nina umri wa miaka hamsini na mbili. Je, inawezekana?

Jibu kupitia Mama Princess wa meza ya pili, usilete nyumbani.

Mama yako,
Paskazia

* * *

Kiseke.
14 Aprili 2024

Kwa Novisi Odeta,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ndiye Mwalimu Luhende. Nimepokea salamu zako kupitia kwa Mwalimu Masalu, ambaye ni mwalimu hodari na mvumilivu, na katika maisha yangu sijaona anayemzidi kwa kupanga sauti nne.

Hali kadhalika nimeelewa habari za nyusi. Kitufe cha fa nakipa heshima yake. Katika wimbo wa Watakatifu Wote ninawasubiri besi, kwa maana besi wakipata nafasi ya kuvuta pumzi wimbo unasimama kwa miguu yake. Hayo ni maoni yangu mimi Luhende.

Usiwe na wasiwasi wowote. Uendelee na wito wako.

Wako katika muziki,
L. Luhende (Mwl.)

* * *

Njombe.
28 Aprili 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Nimepata barua mbili wiki moja, yako na ya Mwalimu Luhende. Ya Luhende imeandikwa kwa kalamu ya Baba, mwandiko wa Baba, na neno "hali kadhalika" ambalo Baba hulitumia hata akiomba chumvi. Nimecheka peke yangu zizini mpaka ng'ombe wakageuka. Halafu nikalia, kwa sababu nilimwona amekaa pale mezani anajisifia mwenyewe ili mimi nipate amani.

Tusimwambie. Na ndiyo, Mama, inawezekana.

Nimekuchorea vitufe kwenye karatasi hii. Kidole gumba ni namba moja, kidole kidogo ni namba tano. Tazama vitufe vyeusi: vimekaa viwili viwili na vitatu vitatu. Kitufe cheupe kilicho kushoto tu kwa vile viwili ndicho do. Weka hapo namba moja. Ruka kimoja cheupe, weka namba tatu. Ruka kimoja tena, weka namba tano. Bonyeza vyote pamoja. Hapo ndipo nyumbani.

Nimekuchorea sehemu nyingine mbili. Ya kwanza, inayoanzia fa, iite kwa jirani. Ya pili, inayoanzia so, iite sokoni. Nyimbo nyingi za Baba zinatoka nyumbani, zinapita kwa jirani, zinakwenda sokoni, zinarudi nyumbani. Ukifika sokoni lazima urudi, usilale huko. Mkono wa kushoto utapiga kitufe kimoja tu, jina la mahali ulipo. Basi. Ukiyaweza hayo matatu bila kutazama, kwaya nzima itakufuata.

Mama, nami nina langu. Nilimwandikia Baba kwamba napiga kinanda kila asubuhi. Si kweli. Sijakigusa tangu Januari. Siku moja Sista Akelo alinikuta kanisani nikiwa nimekaa nacho kwa muda wa saa tatu nzima. Akakaa kando yangu.

"Odeta, ukiwa na huzuni unakwenda wapi?"

"Kwenye kinanda, Sista."

"Na ukiwa na furaha?"

"Kwenye kinanda."

"Na Mungu akikutafuta?"

Akafunga kifuniko polepole. "Basi kaa kwanza bila hiki, tuone wewe mwenyewe uko wapi."

Nilimchukia siku tatu. Sasa simchukii, ila sijajua bado niko wapi. Nimechora vitufe kama hivyo vyako kwenye boksi la sabuni, nafanya mazoezi zizini bila sauti. Kwa hiyo tuko darasa moja, Mama.

Odeta

* * *

Mkuyuni.
9 Juni 2024

Odeta,

Nyumbani nimepata. Kwa jirani nimepata. Sokoni bado nachelewa kufika.

Baba yako akiwa zamu ya asubuhi, mimi nafunga meza saa tano, nawahi nyumbani, nafunua kitenge, napiga mpaka saa nane. Sauti nimeipunguza mpaka naisikia mimi tu. Juzi niligusa kitu sijui nini, kinanda kikaanza kupiga ngoma chenyewe, cha-cha-cha, cha-cha-cha. Sikujua pa kukizimia. Nikachomoa waya ukutani. Jirani akauliza dirishani, "Mama Odeta, kuna sherehe?" Nikasema redio.

Hapa sokoni nafanyia mazoezi juu ya meza. Mama Princess akaniangalia weee, akasema, "Unapanga samaki au unawatekenya?"

Nikuambie kitu. Jana nilifika sokoni, ile so, nikasahau kurudi, nikakaa hapo nimebonyeza. Ikawa inauma. Sikujua kwamba sauti inaweza kuuma hivyo, kama mtu amesimama mlangoni na hajasema anaingia au anatoka. Nikakukumbuka wewe ukiwa na sanduku lako stendi. Nikalia kidogo. Halafu nikarudi nyumbani, do, ikapoa. Miaka thelathini nasikia nyimbo za baba yako. Leo ndiyo nimeelewa kwa nini watu wananyamaza zikiisha.

Shimba amenikuta. Alikuja kuchukua ngoma, akasikia. Nilimwambia akifungua mdomo simuuzii samaki tena maisha yake yote. Ameapa. Lakini amesema kitu: siku ambazo baba yako ana zamu ya jioni, kwaya inaweza kukutana bila yeye.

Tuma wimbo mzima.

Mama

* * *

Kiseke.
14 Julai 2024

Kwako mwanangu,

Marahaba kwa shikamoo zako zote za Juni. Sisi ni wazima.

Tarehe 22 Septemba kuna tamasha la kwaya za dekania, yaani parokia za jirani zetu, kanisani huku Nyakato. Nimetunga wimbo mpya. Nauita "Tumefika Ufukweni". Sauti ya tatu nimewapa kazi nzito, wananung'unika, lakini wataweza. Nakuandikia noti zake nyuma ya karatasi hii ili uuone kabla ya watu.

Mwalimu Luhende anaendelea vizuri. Anakusalimu.

Nyumbani tuna tatizo la panya. Kile kitenge cha kinanda kila nikirudi nakikuta kimekaa vingine. Nakikunja pembe kushoto, nakikuta pembe kulia. Nimenunua mtego, nimeuweka chini ya kinanda, karibu na kile kikanyagio cha mguu.

Jumamosi nilikwenda ufukweni Igombe kununua samaki kwa ajili ya mama yako. Wanaume walikuwa wanavuta nyavu, kama ishirini hivi, na mmoja anaanzisha wimbo, wenzake wanaitikia. Nikasimama nikahesabu. Hawakuwa wanaimba ili wapate nguvu, kama tunavyosema. Walikuwa wanaimba ili wote wavute kwa wakati mmoja. Nguvu walikuwa nazo tayari. Nikafikiria kwaya yangu: ina nguvu, ila kuna mahali haivuti pamoja. Nilitaka kukuambia wewe jambo hilo, nikajikuta natafuta simu mfukoni.

Kuna swali nataka kuuliza na siulizi. Wewe endelea na malezi yako. Ila ujue kwamba mtu akisema huko pamemshinda, au hapakumfaa, kwetu hakuna atakayemuuliza maswali.

Baba yako,
Yakobo

* * *

Mkuyuni.
20 Julai 2024

Odeta,

Mtego wa baba yako umenikamata kidole cha mguu. Nimemwambia nimejikwaa sokoni. Amenipaka dawa kwa huruma yote, na mtego ameutega tena.

Ule wimbo wa tamasha aliokutumia baba yako, nichoree vitufe vyake vyote haraka.

Mama

* * *

Njombe.
11 Agosti 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Wimbo wako nimeusoma mara nyingi, nimeuimba nikikamua, na ng'ombe anayenipiga mateke anatulia akiusikia. Ubeti wa pili unapanda pale ambapo mtu anategemea ushuke. Nimesimama hapo. Sijui umewezaje.

Mwisho wa Septemba kila novisi anatakiwa aandike barua ya kuomba nadhiri, au aseme anarudi nyumbani. Nilimuuliza Sista Akelo niandike nini. Akasema, "Mimi nilipoandika ya kwangu, niliandika kwanza barua ya kumfurahisha mama, nikaichana. Halafu ya kumfurahisha mlezi, nikaichana. Ya tatu ilikuwa fupi." Mimi bado niko kwenye kuchana.

Baba, kama kuna jambo lolote hujaniambia, niambie. Sitakasirika. Na mimi ninalo langu, nitakuambia wakati wake.

Huku baridi imezidi. Asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kama zimemwagiwa unga.

Odeta

* * *

Kiseke.
24 Septemba 2024

Mwanangu Odeta,

Agosti uliniomba nikuambie jambo nisilokuambia, nikaogopa, sikujibu. Leo nakuambia, lakini niruhusu nianze na tamasha.

Tulikuwa kwaya sita. Sisi tulipangwa wa nne. Nikasimama mbele, nikawapa watu wangu sauti ya kuanzia, nikainua mkono wa kumwita Shimba aanze na ngoma kama tulivyozoea. Shimba hakupiga. Alikuwa ananitazama anacheka. Halafu nyuma yangu, upande wa kushoto, kinanda cha kanisani kikalia. Do, polepole, mkono mzito, na ile namna ya kusubiri kidogo kabla ya kuhama. Namna yako.

Odeta, kwa mistari miwili nilidhani umerudi. Sikugeuka. Niliogopa kugeuka. Kwaya ikaingia yote kwa pamoja, kama wale watu wa nyavu, nami naendesha mikono sijui naendesha nini. Halafu nikageuka.

Mama yako. Amevaa sare ya kwaya, sijui imeshonwa lini. Macho kwenye vidole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama anavyofanya akipara samaki mkubwa. Nitakuambia ukweli wote: moyo wangu ulianguka kwanza, kwa sababu hakuwa wewe. Kisha ukapanda, ukapita pale ulipokuwa. Kule kuanguka namwomba Mungu asiniandikie.

Ubeti wa pili alikosea. Palipotakiwa sokoni, ndivyo yeye anavyopaita, alikwenda kwa jirani akakaa hapo. Kwaya ikamfuata. Na kosa lake lilikuwa zuri kuliko nilivyoandika. Nimeshabadilisha kwenye karatasi.

Tumekuwa wa tatu. Watu wameshangilia kuliko walivyomshangilia wa kwanza.

Kurudi nyumbani tumetembea wote wawili mpaka njia panda. Nikauliza, "Paskazia, umejifunza wapi?"

Akasema, "Kwa Luhende."

Nikasimama barabarani. Akaendelea kutembea. Nikamfuata.

Basi nawe unajua. Luhende nilimtunga. Sikumpa mtu yeyote kinanda, sikuweza. Nilitaka uchague bila kutuonea huruma, na wakati uleule kila Jumapili nilikuwa natamani uingie mlangoni na sanduku lako. Vyote viwili ni kweli. Nisamehe kwa uongo. Nisamehe na kwa ile tamaa.

Mama yako nimemwomba radhi tena kwa maneno ya mwaka tisini na nne. Amesema atafikiria. Halafu amesema nimnunulie kiti kirefu zaidi, kile cha kinanda kinamuumiza mgongo.

Baba yako,
Yakobo Masalu

* * *

Njombe.
13 Oktoba 2024

Baba na Mama,

Shikamooni.

Barua yenu imefika tarehe mbili Oktoba. Nimeisoma nimesimama zizini, na wenzangu wakaja kuona nani anapiga kelele. Mama! Nimewasimulia wote. Sasa nyumba nzima ya malezi inamwombea Mama Paskazia na kidole chake cha mguu.

Baba, umesamehewa tangu Aprili. Nilimjua Luhende kwa mwandiko wake. Sikusema, kwa sababu nami nilikuwa na uongo wangu: sijapiga kinanda tangu Januari. Sista Akelo aliufunga mfuniko, nami nikakuandikia kwamba napiga kila asubuhi ili usihuzunike. Tumelingana.

Ombi langu nililipeleka tarehe 28 Septemba, kabla sijajua habari za tamasha. Nataka mlijue hilo. Niliamua nikiwa bado naamini kwamba kinanda kiko chini ya kitenge na Mama bado anachelewa kufika sokoni.

Nilikuwa nadhani nimekuja huku kwa ajili ya muziki. Nilidhani wito wangu ni kile kiti, ila kwenye kanisa kubwa zaidi. Kiti kikaondolewa. Miezi ikapita. Nikabaki na ng'ombe wanane, kabeji, baridi, na wagonjwa wa kijijini tunaowatembelea Alhamisi, na kuna bibi mmoja pale, hasikii kabisa, ambaye hushika mkono wangu nikiimba akaweka vidole vyake shingoni kwangu apate mtetemo. Siku moja mwezi wa nane nikitoka kwake nikajikuta sijakiwaza kinanda wiki nzima, na bado nilikuwa nataka kuamka kesho yake hapahapa. Hivyo tu. Hakukuwa na sauti kutoka mbinguni.

Niliandika mistari mitatu. Sista Akelo aliisoma, akavua miwani, akasema, "Kinanda kiko wazi." Nikakaa nikapiga. Mikono imekuwa mizito kama ya mtu anayeanza. Nikacheka, naye akacheka. Ameniahidi kwamba nikijificha tena nyuma ya kinanda atakiuza anunue sangara.

Nadhiri ni Jumamosi tarehe 14 Desemba. Mzazi humshika binti yake mkono mpaka mbele ya altare, kisha humwachia, akarudi kwenye benchi. Nataka mnishike nyinyi wote wawili. Baba, najua ninachokuomba.

Binti yenu,
Odeta

* * *

Kiseke.
3 Novemba 2024

Mwanangu,

Marahaba.

Barua yako nilianza kuisoma mimi, akamalizia mama yako. Nilitoka nikatembea mpaka ziwani, nikakaa kwenye jiwe saa nzima. Kulikuwa na kina mama wanaofua, wakanisalimia, nikawaitikia. Sikutunga wimbo. Sikufikiri lolote la maana. Nilikaa tu. Nilipoinuka njaa ilikuwa inaniuma, nikajua nimekubali.

Tunakuja. Basi linaondoka Mwanza tarehe 11 Desemba alfajiri, tutalala Dodoma, tutafika kwenu tarehe 12. Mama yako amekausha sangara mzima kwa ajili ya Sista Akelo na anasema atampa mkononi mwenyewe, apate kumwangalia vizuri huyo aliyemfungia mwanawe kinanda. Usiogope, atampenda. Shimba anakuja na ngoma moja. Wanakwaya wengine wanane wameomba ruhusa kazini. Mama yako anauliza kama anaweza kupiga wimbo mmoja siku hiyo, na kama kinanda cha huko nacho kina vitufe vyeusi viwili viwili na vitatu vitatu.

Nitakushika mkono. Nitakuachia palepale wanaposema, sitachelewesha ibada.

Jambo moja niulizie kwa masista, halafu unijibu mapema. Baba wa mtawa anaruhusiwa kulia kanisani? Kama haruhusiwi, si neno. Safari ni ndefu, nitamalizia kwenye basi.

Baba yako,
Yakobo